Tulivyochagua kete na dau la poka ya nyumbani Kirua Vunjo, baada ya shemeji yangu kuweka mezani hela ya mtamba

Wakuu, salamu kutoka huku chini ya mlima.

Nimeona kuna member ameuliza anunue chips za aina gani kwa ajili ya poka ya nyumbani na washkaji, na dau liwe la namna gani. Nikaanza kumjibu kule kule, jibu likawa refu, nikaona bora nifungue uzi.

Majina nimebadilisha. Mengine yote yalitokea, na wengi wa wahusika bado tupo.

Kabla sijaenda mbali: chips ninazoongelea sio za kuku. Ni zile kete za kuwekea dau badala ya hela. Sisi tuliziita kete tu, na humu nitaziita hivyo.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya serikali vinauzwa na watu wanapunguzwa kazini. Mimi nilikuwa nauza spea za magari pale Moshi mjini, nimepanga nyumba yenye kauwanja kadogo nyuma. Jumamosi mchana tulikuwa tunakutana watu wanne.

Mimi.

Aloyce, mtu wa Tarakea, guide wa mlimani. Poka alifundishwa na wageni wake kwenye mahema siku za mvua, akaja kutufundisha sisi. Karata pia alizileta yeye, alizinunua upande wa pili wa mpaka.

Mwalimu Temu, anafundisha hesabu sekondari. Mtu wa maneno, hakosi jibu.

Wa nne ni Elibariki, shemeji yangu, mume wa dada yangu Ndeshi. Wao wanakaa juu Kirua Vunjo. Alikuwa fundi kwenye kiwanda kimoja, kikauzwa, akapewa mafao yake akarudi kwenye kihamba, shamba la ukoo, kulima ndizi na kahawa. Mpole sana, ila ile kupunguzwa ilimuuma. Alikuwa hataki kabisa mtu amwonee huruma.

Tulicheza ile ya karata tano. Unagawiwa tano, watu wanaweka dau, unabadilisha usizozitaka, mnaweka dau tena, mnafunua. Ukiona mambo magumu unalaza karata zako, unasubiri mkono unaofuata.

Mwanzoni tulitumia hela taslimu. Usumbufu mtupu. Chenji hakuna, noti zimechakaa, na jirani akichungulia anaona wanaume wanne na noti mezani.

Mwalimu Temu akasema tutumie punje za kahawa. Kila mtu ananunua punje kwa hela, tukimaliza anarudisha punje anachukua hela yake.

Wakuu, sijui tulikuwa tunawaza nini. Watu wa Kilimanjaro, kila mtu ana kahawa kwao, halafu tunaifanya kahawa kuwa pesa.

Wiki ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili, tunafunga hesabu, punje zilizorudi ni nyingi kuliko tulizouza. Tukarudia kuhesabu, hivyo hivyo. Nikazichambua, nikakuta baadhi bado zina ganda, na nilizotoa mimi zilikuwa zimekobolewa zote.

Tukatazamana.

Mwalimu Temu akasema bila hata kutabasamu, "Kahawa ni mmea jamani. Labda zimezaa."

Tulicheka mpaka Aloyce akatoka nje kupumua. Mpaka leo mwenye zile punje hajajulikana, na mwalimu hajawahi kukubali.

Tukahamia kwenye visoda vya bia. Wiki moja tu, kila mtu akaanza kuokota visoda baa. Halafu vinakwaruza mezani, havipangiki, ukipanga kumi kimoja juu ya kingine vinaanguka. Tukavitupa.

Tukarudi kwenye noti. Hapo ndipo tulipokosea, kwa sababu mbili.

Moja, hela ikikaa mezani yenyewe, hela yoyote ya mfukoni inaonekana ni ya mezani.

Pili, hatukuwa na mpaka wa dau. Niliwahi kupendekeza tuweke, mwalimu akanijibu, "Nchi nzima ni soko huria, sisi tujiwekee mipaka ya nini?" Tukacheka, yakaisha. Tulikuwa tunacheza no limit bila kujua jina lake.

Jumamosi moja Aloyce akaja ameshuka mlimani na kundi la wageni, mfuko umejaa tip za dola. Mikono ikaenda kama kawaida. Mara ukaja mkono mmoja, mimi na mwalimu tukalaza mapema, wakabaki Aloyce na shemeji.

Shemeji hakubadilisha karata hata moja. Aloyce alibadilisha moja.

Aloyce akaweka dau. Shemeji akapandisha. Aloyce akatoa dola, akaziweka taratibu katikati, akasema, "Shemeji, hapa naona utalaza."

Hakuwa na nia mbaya. Ni utani wa mezani tu. Lakini nilimwona shemeji uso umebadilika.

Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha nene, akaiweka juu ya zile dola.

"Nafuata, na inayozidi ni ya kupandisha."

Hakuna aliyeuliza bahasha ya nini. Sisi tulijua mtu ametoka na hela zake. Aloyce akatoa dola zote zilizobaki, akafuata.

Shemeji akafunua kopa tano. Flush. Mkono ule watu wengi hawaupati mwezi mzima.

Aloyce akafunua wafalme watatu na saba mbili. Full house, na hiyo inaila flush.

Shemeji aliziangalia zile karata, akatikisa kichwa kidogo, akavaa kofia yake. "Haya, Jumamosi njema," akasema, akatoka. Aloyce akabaki ameshika bahasha kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake.

Jumatatu asubuhi dada Ndeshi akaja dukani. Dada yangu hapigi kelele. Alisubiri wateja waishe, akasogea kaunta.

"Mdogo wangu, hela ya mtamba iko wapi?"

"Mtamba gani, dada?"

Ndipo nikajua. Jumamosi ile shemeji alikuwa anatoka kwangu aende Kwa Sadala, njia ya Arusha, kumlipia mtamba wa maziwa. Ndiyo mafao yake yaliyokuwa yamebaki. Walishajenga banda, walishapanda majani ya kumlisha. Alimweleza mke wake mwenyewe usiku ule, hakumficha kitu.

Nilijisikia vibaya, wakuu. Imetokea kwenye meza yangu.

Nikamfuata Aloyce. Sikumaliza hata kueleza, akachukua bahasha, haikuwa imeguswa, tukapanda gari mpaka Kirua. Tukamkuta shemeji anakata mikungu.

Aloyce akamwamkia dada, akamgeukia shemeji. "Nimekuletea hii. Sikujua ni ya nini."

Shemeji hakuigusa. "Ningeshinda mimi, ningekurudishia dola zako?"

Aloyce akashusha mkono wenye bahasha.

"Basi. Mimi sio mtoto wa kuhurumiwa. Nimeshindwa, nimeshindwa."

Dada akaingia ndani. Sisi tukashuka mjini na bahasha yetu. Nilijua hapo poka imekwisha, na ushemeji wenyewe umebaki kwa kamba nyembamba.

Kama wiki mbili baadaye Aloyce akanipitia na pickup ya kukodi. Nyuma kasimama mtamba mweusi wa madoa meupe, mzuri, macho kama ya mtu. Akaniambia panda.

Tulipofika shemeji alikuwa uani. Akauliza, "Huyu wa nani?"

"Wangu," Aloyce akasema. "Nimemnunua Kwa Sadala. Ila mimi nashinda mlimani, kwangu hakuna wa kukata majani. Nimekuja kukuomba unitunzie."

Kwa wasiotoka huku: Wachagga tuna desturi ya zamani ya kumweka ng'ombe kwa mtu mwingine. Mwenye ng'ombe anabaki ni yeye, mtunzaji anapata maziwa na mbolea, na kuhusu ndama mnapatana. Sio sadaka. Ni heshima, maana humpi ng'ombe wako mtu usiyemwamini.

"Na ndama?" shemeji akauliza.

"Wa kwanza wangu. Akishaacha kunyonya namchukua, na mama anabaki wako kabisa, ndiyo malipo yako ya kumtunza."

Shemeji alimzunguka yule mtamba. Akamshika kiuno, akamwangalia kwato. Alichukua muda wake. Dada Ndeshi alikuwa mlangoni ameshika mwiko.

Halafu shemeji akaishika kamba mkononi mwa Aloyce. "Kamba yenyewe fupi," akasema. "Kamba gani hii ya kumfungia ng'ombe."

Akampeleka bandani. Dada akatuita tule mtori.

Tukiwa tunakula ndipo dada akatoa hukumu. "Mkitaka kuendelea na karata zenu, mtachezea hapa. Jumapili, baada ya ibada. Na hela zote nashika mimi."

Sasa narudi kwenye swali la yule member, maana huu mfumo tuliutunga pale, tukabishana kweli kweli.

Kete: tafuta kitu ambacho mtu hawezi kukiokota njiani. Pale mjini kulikuwa na mchongaji wa vitu vya watalii, tukamwagiza vidonge bapa vya aina tatu. Mfupa mweupe, pembe ya ng'ombe ya kahawia, na mpingo mweusi. Pembe moja ni mifupa mitano, mpingo mmoja ni pembe nne. Za mfupa ziwe nyingi kuliko zote, ndizo zinazozunguka. Vidonge vya pembe vina uzito wake mkononi, vinapangika, na mlio wake mezani unafurahisha. Kuna siku watu walikaa wanavichezea tu.

Kuingia: kila mtu ananunua kiasi kile kile kwa dada. Kiasi chenyewe alikipanga yeye: kile ambacho ukikipoteza utakula cha jioni bila kununa. Ukiishiwa unaruhusiwa kununua tena mara moja. Ukiishiwa tena, unaenda kumkatia ng'ombe migomba wakati wenzako wanacheza. Mwalimu Temu amekata migomba mingi sana, nadhani amelipa zile punje za kahawa.

Sheria kubwa kuliko zote: kinachocheza ni kete zilizo mbele yako mkono unapoanza. Mfukoni haruhusiwi mtu kuingiza mkono. Kete zako zikiisha katikati ya mkono, unabaki unashindania kile ulichoweza kufuata, wala hulazimiki kulaza. Tungekuwa na sheria hii moja tu, ile bahasha isingetoka kwenye koti.

Dau: hapa ndipo kulikuwa na ubishi. Shemeji alitaka dau la kiwango kimoja mwanzo mpaka mwisho. Aloyce akalalamika kwamba hivyo huwezi kumtisha mtu, na poka bila bluff ni sawa na kuhesabu mahindi. Alikuwa na hoja. Dada akaamua: kabla ya kubadilisha karata, dau ni mfupa mmoja, na kupandisha mwisho mara tatu. Baada ya kubadilisha, mwisho wa dau ni kile kilichopo katikati ya meza. Watu wanatishana, ila hakuna anayetishwa na kitu ambacho hakionekani.

Sheria hizo hakuna aliyezibadilisha tena. Baada ya miezi kadhaa dada alichoka kuwa benki, akakaa kucheza, na mkono wake wa kwanza akatulazisha wote akiwa na saba mbili tu. Akatuonyesha karata, akaenda kuangalia chungu jikoni.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza Aloyce, tukiwa wawili tu, kwa nini alihangaika vile. Bahasha aliishinda kihalali, kuirudisha alijaribu, shemeji akakataa. Angeweza kukaa nayo na hakuna ambaye angemlaumu.

Alinishangaa. "Sasa Jumamosi ningecheza na nani?"

Wakuu, nilichojifunza ni hicho. Kasino hawajali kama utarudi. Nyumbani, kete zako na dau lako vipangwe ili yule aliyeliwa leo apende kuja tena wiki ijayo na mke wake amruhusu.

Wenye meza zenu, mnatumia kete gani na mpaka wa dau mmeuweka wapi? Na wale wa no limit nao waje, tuwasikie wake zao wanasemaje.