Kaburi la Burma

Usiku ule nililala na Shangazi Mwasiti chumba kimoja, yeye kitandani, mimi kwenye godoro chini. Asubuhi tulikuwa twende uhamiaji, hapahapa Tabora, kumwombea pasi ya kusafiria. Umri umemtupa mkono, miguu imevimba, lakini alikuwa ameng'ang'ania: kabla hajafa lazima aende Burma kulizuru kaburi la baba yake. Nilijigeuza huku na huku. Nilikuwa nikimwona kichwani anaanguka kwenye uwanja wa ndege wa watu, hajui hata lugha ya kuombea maji.

Baba yake aliitwa Ramadhani. Yeye na mdogo wake, babu yangu Hamisi, walichukuliwa pamoja kwenda kupigana na Wajapani huko Burma, enzi za vita kuu ya pili. Shangazi alikuwa bado ananyonya. Akarudi Babu peke yake. Alituambia kaka yake aliuawa kwa risasi msituni, akamzika kwa mkono wake chini ya mti, akamsomea. Basi. Ukimuuliza zaidi alikuwa anainuka na kutoka nje.

Sijui nilisinzia saa ngapi. Niliona tu Babu ameketi pembeni ya godoro langu, amevaa koti la jeshi, linachuruzika maji. Babu huyu tulimzika mimi nikiwa msichana. Uhai wake wote aliniita mke wangu, kwa utani wa babu na mjukuu. Safari hii hakutania.

"Zuhura," akasema, "inuka."

Nikainuka, na sakafu ikawa inayumba. Tulikuwa juu ya meli. Jua la mchana lilikuwa kali, bahari imetulia kabisa, na meli nyingine zilikuwa zinakwenda sambamba na yetu. Babu alikuwa kijana, shingo nyembamba, ameshika chuma cha ukingoni. Akaninyooshea kidole meli iliyo mbele.

"Kaka yumo mle. Walitutenganisha bandarini."

Kabla sijamjibu meli ile ikaruka kidogo, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mlio ukaja baadaye. Halafu ikalala ubavu, ikavunjika, ikazama, upesi mno, hata chai isingepoa. Palipokuwa na meli sasa pana vichwa vya watu. Wanapiga maji. Wanaita mama zao, kila mtu kwa lugha ya kwao.

Manowari moja ya kutulinda inageuza, inakwenda kasi kuwaelekea. Nafurahi. Nampiga Babu begani, namwambia wanakuja kuwaokoa. Babu hageuki. Manowari inapita katikati yao na kuangusha mapipa ya baruti majini, na bahari inapasuka, inapanda juu, nyeupe, na watu wanapanda nayo.

"Nyambizi ya Wajapani ilijificha chini yao," Babu anasema. "Wakubwa walituambia ilibidi ipigwe, ingetumaliza sote."

Nataka kufumba macho, lakini yamekataa kufumba. Namtafuta Ramadhani, na sijui hata sura yake. Kila kichwa nadhani ni chake.

Mara hakuna bahari. Kuna mvua, matope hadi magotini, mianzi iliyokatwakatwa na risasi. Mbele kuna kilima, na kutoka juu bunduki zinafyatuka bila kupumzika. Babu anapanda na sanduku la risasi kichwani. Wenzake wanaanguka kushoto na kulia, naye kila akimvuka aliyeanguka anainama kumtazama usoni. Anaruka kwa mwingine. Anatazama. Namlilia atambae, watamuua. Hanisikii. Ndipo ninapoelewa kwamba hatafuti adui. Anamtafuta kaka yake, huku msituni, wakati alimwona mwenyewe akizama.

Bunduki zinanyamaza. Yuko chini ya mti, anachimba kwa kofia yake ya chuma. Anachimba shimo la mtu mzima. Nasogea kuchungulia ndani, na ndani kuna maji ya mvua tu. Babu anapiga magoti, anasoma Fatiha, kisha anafukia shimo tupu, taratibu, kama anaogopa kumwumiza aliyemo.

Alipomaliza alikuwa mzee tena, yule niliyemjua. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Kaburi nililichimba kweli," akasema. "Ila Kaka hamo. Mwambie Mwasiti asimfuate kule."

Niliamka kanga imelowa jasho. Msikitini walikuwa wanaadhini alfajiri. Shangazi alikuwa ameshavaa, ameketi kitandani, pochi mapajani.

"Ulikuwa unalia usingizini," akasema. "Umeona nini, mwanangu?"

Nilifikiri kumficha. Ndoto ni ndoto, na Shangazi ni mgonjwa. Lakini mdomo ulishafunguka. Nikamweleza yote, meli, mapipa, kilima, shimo. Nilipofika mwisho nilikuwa nikitazama sakafu.

"Baba Mdogo Hamisi," akasema, "hakula samaki tangu aliporudi. Hata dagaa. Akiwasikia wanakaangwa kwa jirani, anatapika. Mama yangu alimwuliza sababu mpaka akachoka." Akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Kumbe ndiyo hiyo."

Nikamwuliza kama bado tuende uhamiaji.

Alivua viatu, kimoja kimoja, akavisukuma chini ya kitanda. Akaniomba maji ya kutawadha, na nilipokuwa mlangoni akaniita.

"Zuhura, ukirudi toa viti, utandike mikeka, uwagongee majirani. Waambie Mwasiti amefiwa na baba yake."