Tangazo la Mama Alinanuswe

Gwantwa alizaliwa milimani Ileje, akaolewa Igamba kwenye kahawa, na tangu aolewe hakuwahi kumficha mtu shida yake. Kwao walimfundisha kwamba mficha uchi hazai, naye akalishika neno hilo kuliko hata amri kumi. Mbuzi akipotea, anapeleka tangazo kanisani. Mumewe Jairo alipofukiwa na kifusi kwenye mashimo ya dhahabu kule Saza, ni tangazo lililoleta watu, sufuria na mahindi, mpaka mjane akasimama tena. Ndivyo tulivyo huku kwetu. Ibada ikiisha hanyanyuki mtu, wote tunasubiri matangazo, na wengine, tusidanganyane, ndiyo hasa wanayoyafuata.

Mtoto wake ni mmoja tu, Alinanuswe. Alizaliwa msichana, akabatizwa msichana, akavaa sketi ya shule. Lakini msimu mmoja, mama na mtoto wakichuma kahawa mstari mmoja, Alinanuswe akasema taratibu kwamba yeye ndani ni mvulana, na amekuwa hivyo siku zote. "Ila usimwambie mtu, mama." Gwantwa alikemea, akalia, akafunga na kuomba. Mwisho akachoka kuogopa. Huyu ni mwanangu, akajisemea, nikimtupa nitamtupa wapi? Akanyamaza. Ilikuwa siri ya kwanza maishani mwake, na ilimtesa.

Alinanuswe alipofika kidato cha nne, msichana mmoja wa bwenini akamchongea kwa matroni, matroni akazifikisha habari kwa mkuu wa shule. Gwantwa akaitwa. Mkuu wa shule, mwalimu Restuta, si mtu mbaya, tusimsingizie. Alimpa kiti, akafunga mlango.

"Mama Alinanuswe, kuna mwongozo umetoka juu. Unasema watoto wa namna hii shule iwafanyeje."

"Unasemaje, mwalimu?"

"Ni wa siri."

"Siri! Si unamhusu mwanangu?"

"Unamhusu."

"Sasa mwenye mtoto ndiye asiujue?"

Mwalimu Restuta akatazama chini. "Mama, na mimi nina watoto. Nikikusomea mstari mmoja tu, kazi sina. Mtoto akae nyumbani kwanza, mpaka wakubwa waseme."

Akae nyumbani, na mtihani wa taifa huo mlangoni! Miaka yote ya kuinama kwenye mibuni ilikuwa kwa ajili ya mtihani huo, na mtoto mwenyewe kichwa kinachemka. Gwantwa akajifunga kanga akaanza kuzunguka maofisini. Akapigwa danadana mpaka viatu vikalika. Huku wanamwambia karatasi kama hiyo haipo. Kule wanamwambia ipo, ila si ya wananchi. Kwingine wanamrudisha kwa yule aliyesema haipo. Jamani! Karatasi inayosema mwanao alale wapi, ajisaidie wapi, asome au asisome, inafichwa ili nani asiione? Mwisho kijana mmoja mwenye tai akapokea barua yake ya maombi, akaandika namba ya simu ya Gwantwa, akasema atajibiwa.

Hakujibiwa. Nyumbani Alinanuswe alikuwa akisoma peke yake, chakula hakishuki, na kila mama akirudi swali ni lilelile: "Leo wamesemaje?" Gwantwa akaanza kuogopa kurudi nyumbani kwake mwenyewe. Mtihani ulikuwa unakuja, na yeye hakuwa na mlango mwingine wa kugonga.

Ndipo akakumbuka kanisa. Mwaka ule barabara ilipopimwa katikati ya mashamba na wakubwa wakaficha barua ya fidia, si lilitangazwa kanisani? Watu wakaenda kundi zima, na barua ikasomwa hadharani. Basi Jumamosi akaenda kwa Nikodemo, mzee wa kanisa, akamweleza yote.

Nikodemo alikuna kichwa. "Mama Alinanuswe, unataka nisome hivihivi?"

"Soma, baba. Watu waamke twende wote, wautoe huo mwongozo."

"Na jina la mtoto?"

"Bila jina watamsaidia nani?"

Hakumwuliza Alinanuswe. Wala halikumjia kichwani, maana kwetu hakuna anayemwuliza mbuzi kama atangazwe. Hapo ndipo alipokosea, na majuto ni mjukuu.

Jumapili Nikodemo akatangaza siku ya mnada wa kahawa, kisha akasoma lile la Gwantwa, lote, na jina, na kwamba mtoto anajiona mvulana. Alinanuswe alikuwa ameketi hapohapo karibu na mama yake. Kisha mtu akacheka kule nyuma. Baba mmoja akamvuta binti yake akamhamishia benchi la mbele. Kwa desturi mwenye shida akitoka nje watu humzunguka, lakini siku hiyo waliwapisha njia wakawaacha wapite.

Nje ya uzio Alinanuswe akasimama.

"Karatasi yao bado iko kabatini, mama. Aliyesomwa ni mimi."

Asubuhi Gwantwa akakuta kitanda kitupu.

Watu walisema ameonekana akielekea Tunduma. Gwantwa akamfuata, ameshika picha ya shuleni. Akapita kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia, akamwonyesha kila dereva, kila muuza mihogo. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alimsalimia Kibemba, "mulishani", akaitazama picha, akatikisa kichwa kwa huruma. Mbadilisha fedha mmoja akaishika muda mrefu.

"Mama, huyu ni binti. Aliyepita hapa na begi la shule alikuwa kijana, kanyoa, kavaa suruali. Wewe unatafuta binti au kijana?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Gwantwa akaichukua picha yake. Akiri tena mbele za watu? Au anyamaze ampoteze? Akageuka pembeni akilia waziwazi, mkono mdomoni.

Simu ikaita. Alikuwa yule kijana mwenye tai.

"Mama, majibu yametoka. Mwongozo hautatolewa. Usichukie, ni kwa faida yenu. Tunalinda faragha ya mtoto."

"Mtoto yupi, baba?"

Upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa.

"Subiri kidogo, mama," akasema kijana. "Niangalie jina."