Nilivyosingizia Pombe Makaburini

Hili nimelificha miaka mingi. Enzi za kijiji cha ujamaa, pale Hasamba, nilikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, mimi niliyeishia darasa la pili. Sikio la kushoto lilishakufa, na kizunguzungu kilinijia bila hodi. Siku tunamzika shemeji yangu, dunia ikazunguka, nikaanguka kwenye udongo wa kaburi, ule mwekundu wa kwetu usiotoka nguoni.

“Mwalimu kalewa!” wakasema.

Nikaona nafuu. Mlevi husamehewa, lakini kiziwi angenyang'anywa kwaya.

“Kweli, ndugu zangu, nimekunywa!” Nikaungama wee, hata aliyeipika pombe yenyewe nikamtaja.

Mke wangu akanishika kidevu, akanigeuza kushoto. Mchungaji alisimama karibu yangu kabisa, amefumba macho, anamwombea marehemu kwa sauti kubwa. Waombolezaji walikuwa wamefumbua yao, wanalitazama sikio langu.