Dungu Linaloelea

Sisi wa Ifakara tunaujua mto Kilombero kama kitu cha kuvuka. Enzi za pantoni ulisubiri zamu yako, ukavuka, ukamshukuru Mungu kwamba umefika upande wa Ulanga na viatu vyako vyote viwili. Daraja lilipokuja tukaacha hata kuyaangalia maji. Kwa hiyo niliposikia kwamba kambi moja ya wageni kule mtoni ina boti ya ghorofa, inayopakia watu, inapanda nao mto, kisha inawarudisha palepale ilipowatoa, niliuliza swali ambalo mji mzima ungeuliza: sasa inaenda wapi?

"Haiendi popote," alisema rafiki yangu ambaye ni mpishi kambini hapo. "Watu wanatembea tu."

"Kwenye maji?"

"Kwenye maji, na juisi mkononi."

Ndiye aliyeniambia kwamba boti imechoka, na baada ya Jumamosi ile itavutwa nchi kavu kwa ukarabati mkubwa. Safari ya mwisho ilikuwa na nafasi, na mwenye boti alikuwa ameruhusu wafanyakazi walete watu wao. Nikasema nitakuja, na nitakuja na mama.

Tangu tumzike baba, mama alikuwa amehamia kwangu Lipangalala, lakini sauti yake ni kama aliiacha kwenye ile nyumba ya zamani. Hakuwa mgonjwa. Alikula, alisali, aliitikia shikamoo za wateja wangu wa ushonaji. Ila alisema kila kitu kwa sauti ya mtu aliye kanisani wakati padri amenyamaza. Na huyu ni mwanamke aliyekuwa akiniita kutoka uani, nikamsikia nikiwa kisimani, na mtaa mzima ukajua nimekosa nini. Ndugu waliniambia nimwache, ni majonzi, yataisha. Mimi niliona anayeisha ni yeye. Niliogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali. "Mama, ongea basi!" Naye akajibu, "Naongea, mwanangu," kwa sauti ileile.

Boti ilikuwa imechoka kweli. Rangi imebanduka, kiti kimoja kimefungwa kamba, na injini ilikohoa hadi nikaanza kusali kimoyomoyo. Nahodha, mtu mzima mwenye tumbo na furaha, alimwamkia mama kwa heshima zote na kumwonyesha kiti cha chini, kivulini. Kisha akatueleza ukarabati utadhani anasimulia harusi ya binti yake: injini mpya, choo kipya, na kule juu, ambako sasa kuna nguzo na turubai tu, kutazungushiwa vioo na kuwekwa kiyoyozi ili wageni wasisumbuliwe na wadudu.

Mama hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama ngazi, nguzo na lile turubai.

"Dungu," akasema.

Nahodha akacheka, maana kwetu kila anayelima mpunga anajua dungu. Ni kibanda cha juu ya miti katikati ya shamba, unakaa humo mpunga unapoanza kujaza, unaamia ndege. Mama alikulia madunguni, kwenye mashamba ya upande wa Namawala. Ukifika msimu familia nzima ilihamia bondeni, na kazi yao ilikuwa kuwapigia ndege kelele kutwa. Walikuwa na utaratibu wao pia: mmoja aliita, dungu la jirani likaitika, likafuata la pili yake, hivyo hivyo hadi mwisho wa mashamba. Asiyeitika, watu waliteremka wakapita majini kwenda kumwona. Baba alikuwa wa dungu la jirani. "Baba yenu aliniitikia kabla sijaiona sura yake," mama alikuwa akituambia, na baba anajifanya hasikii.

Basi mama akapanda ngazi, mimi nyuma yake nimetanua mikono kama kipa.

Nimezaliwa bonde hili na nilidhani nalijua. Sikulijua hata kidogo. Ukiwa barabarani ni majani na vumbi. Ukiwa juu ya maji bonde linakuwa kubwa hadi unatafuta kitu cha kushika. Mkono wa kulia milima ya Udzungwa ilikuwa imesimama, mawingu yameifika kiunoni. Kushoto, mbali sana, vilima vya Mahenge. Katikati yake ni maji na majani, maji na majani, mpaka macho yakachoka. Sheshe, wale swala wetu wekundu, walisimama kwenye maji ya magotini wakatutazama utadhani sisi ndio tuliopotea. Viboko walizama mmoja baada ya mwingine wakabakiza masikio. Korongo mmoja aliinuka taratibu kabisa, na kivuli chake kikapita juu ya mikono ya mama. Nilishangaa, nikashangaa tena, kisha nikakasirika: ukubwa wote huu ulikuwa hapa nyuma ya mji, na mimi nimeinamia cherehani.

Wenzetu wa pale juu walikuwa wageni wapenda ndege, darubini shingoni. Walinong'ona tu. Ndege akitokea walishikana mikono kwa raha, na kiongozi wao alikuwa ametuomba kwa upole tusipaze sauti. Nikawaza kwamba kwa mama yangu wamepata abiria wa kuwafaa.

Mto ukapinda, na ukingo ukawa mashamba. Mpunga ulikuwa unaanza kugeuka njano. Ndipo kwelea kwelea wakainuka kutoka kwenye matete, wengi mno, hata jua likapungua. Waligeuka wote kwa pamoja wakang'aa, wakageuka tena wakawa weusi, na mvumo wa mabawa yao ukapita juu yetu kama mvua inayokuja. Wageni walisimama. Mmoja alikuwa anafuta machozi. Nami nilisahau kupumua, niseme kweli. Kisha lile wingu likaanza kushukia mpunga.

Mama akainuka, akashika nguzo.

"Haaaa-iyaaa! Swaaa! Haaaa-iyaaa!"

Sauti, jamani! Ileile ya kisimani, imetoka tumboni, ikaenda juu ya maji na kurudi. Darubini ya mtu ikaanguka. Mama akavua kitenge cha mabegani akakipunga, akapiga mguu kwenye sakafu ile mbovu mpaka nahodha kule chini akapunguza mwendo. Wingu likayumba, likapaa, likatokomea. Ndege ambao watu walipanda ndege kuja kuwaona, mama yangu amewafukuza.

Nilisimama ili niwaombe radhi wote. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Kutoka ndani ya mpunga, mbali, ikaja sauti ya mwanamke: "Haaaa-iyaaa!" Tukaliona dungu lake, na kitambaa chekundu kinapungwa. Nyuma yake ikaitika sauti nyingine, kisha nyingine, hafifu zaidi, zikienda na bonde hadi hatukuzisikia tena.

Mama alikuwa bado ameshika nguzo, kifua kinapanda na kushuka, uso umelowa.

"Wapo," akaniambia. "Bado wanaitikia."

Kiongozi wa wageni akamsogelea. Nikajiandaa kwa ugomvi, lakini alitaka tu afundishwe kuita. Mama akamfundisha njia nzima ya kurudi, na alikuwa mwanafunzi mbovu sana.

Tuliposhuka nilimwomba nahodha, katika vioo vyote vile, waache japo dirisha moja linalofunguka. Akasema atawaambia mafundi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa jikoni nakoroga uji.

"Haaaa-iyaaa!"

Mwiko ulinitoka mkononi. Nikakimbilia chumbani kwa mama. Amekaa kitandani, anafunga kilemba chake cha kanisani.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Naangalia kama upo."

"Si nipo hapa, mama."

"Sasa mbona unakuja mbio?" akasema, na mtaa mzima ukasikia. "Anayefuatwa ni yule ambaye hajaitika. Mimi nimeita. Rudi huko kwenye uji wako, uitike."

Nikarudi jikoni, nikauokota mwiko, nikaitika kwa nguvu zangu zote.