Picha Iliyoharibika Silanga

Juzi nilikuwa kwenye studio fulani Kawangware, nikingoja picha zangu za pasipoti zioshwe. Akaingia mama mmoja anayeishi mtaa wa Silanga, kuchukua picha alizopigiwa nyumbani kwake baada ya moto. Moto wa nyasi kavu kando ya bwawa la huko ulikuwa umemaliza sukuma wiki yake yote, ukazimwa hatua chache tu kutoka mlangoni pake.

Mpiga picha akazipanga juu ya kaunta kama karata: majivu, matete meusi, jembe lililoungua mpini.

"Hii ni sanaa, mathe. Nataka watu wa mjini waione."

"Na mimi niko wapi?"

Mpiga picha akatoa moja shingo upande. "Hii iliharibika. Nilikuambia ukae na huzuni, ukacheka."

Kweli, pichani mama alisimama katikati ya majivu akiwa na gauni la kanisani, meno yote nje. Aliifuta kwa leso, akaitia kwenye bahasha.

"Mamangu huko Siaya amesikia kwa redio Silanga imeungua. Nikimtumia majivu, si ataanza matanga?"

Kisha nikapewa zangu. Mimi sikuunguliwa hata na jani, lakini uso wangu kwenye picha zile ungeanzisha matanga wilaya nzima.