Aliyechoka Aletewe Kiti

Mdomo wangu ndio ulionipa cheo. Katika klabu yetu ya mbio hapa Same sikuwahi kushinda hata ndoo ya plastiki, lakini nyimbo za mchakamchaka nilizianzisha mimi. Nauza mitumba sokoni, kelele nimezizoea. Asiyependa sauti yangu aende akakimbie na mbuzi wake.

Desturi yetu ilikuwa hivi: anayebaki nyuma anaimbiwa. Wimbo niliutunga mwenyewe. "Aliyechoka aletewe kiti!" Wenzangu wanaitikia, "Hatuna!" "Hata kigoda cha jikoni!" "Hatuna!" Anayeimbiwa hanuni. Anajibu kwa kucheza, anayumbayumba kama mlevi, tunacheka, anapata nguvu, anatufikia. Aliyejua kuyumba kuliko wote alikuwa rafiki yangu, fundi cherehani, binti wa Vudee, kule milimani. Alishonea barazani, hatua chache kutoka meza yangu.

Siku ya mashindano tuliambiwa tutaanza saa kumi na mbili asubuhi. Tukamsubiri mgeni rasmi. Akaja saa tatu na nusu, akatuhutubia kuhusu umuhimu wa afya, akapuliza filimbi, akarudi kwenye kivuli chake. Jua la Same halina adabu, nalo lilikuwa limeshaamka. Kituo cha kwanza maji yalikuwa yamekwisha, cha pili tulikuta meza tupu.

Tulipogeuza kule njia ya Makanya kurudi mjini, rafiki yangu akaniambia, "Leo sijisikii vizuri, mwenzangu."

"Acha kudeka," nikamjibu. "Nyie wa milimani mnapanda na mikungu ya ndizi kichwani, leo tambarare ikushinde?"

Alijaribu kucheka. Akabaki nyuma, nami nikaanzisha wimbo.

Akayumba. Weee, tulivyoshangilia! Akayumba tena, mkono mmoja juu, akazunguka nusu, akaelekea kwenye miiba kando ya lami. Mmoja wetu akatoa simu akarekodi. Nikapandisha sauti. Akaanguka kifudifudi kwenye changarawe na sisi tukacheka. Mungu anisamehe, mimi nilicheka kuliko wote. Niliimba beti mbili nzima akiwa chini, hadi mtu mmoja akauliza mbona hainuki.

Alikata roho kwenye gari, njiani kwenda hospitali. Uwanjani medali za ushiriki ziligawiwa kama kawaida. Mimi nilivishwa yangu huku nauliza gari limefika wapi.

Klabu ikakaa kikao. Kwanza ikaamuliwa kwamba ile video ifutwe kwenye simu zote na isizungumzwe tena. Halafu wakagombana kwa muda mrefu kuhusu rangi ya tisheti za kuvaa msibani. Mwisho wakanituma mimi kwa mama wa marehemu, eti kwa kuwa nina maneno.

Nilikuwa nayo kweli.

"Mama, aliondoka akicheza," nilimwambia kule Vudee. "Tulikuwa tunaimba, naye anacheza, ana furaha zake." Mama akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Nikateremka mlima moyo mwepesi, mshenzi mimi. Tangu siku hiyo niliogopa jambo moja tu duniani: yule mama ajue kwamba mwanawe alikuwa anakufa na mimi namzomea.

Wiki chache baadaye tulirudi barabarani. Hakuna aliyetaka kuimba. Tulikimbia tukisikiliza viatu vyetu, na kila aliyechoka alijikaza asibaki nyuma.

Mwaka ulipotimia tukaitwa Vudee, kaburi linajengewa. Tulipanda klabu nzima. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Mchungaji akaomba, saruji ikasawazishwa. Watu walipoanza kujongea kwenye chakula, mama akaniita mbele ya wote.

"Ule wimbo aliokuwa anaucheza," akasema. "Niimbie."

"Mama, ule ni wa utani tu, haufai hapa."

"Imba."

Nikaimba, sauti inakwaruza. "Aliyechoka aletewe kiti." Hakuna aliyeitikia. Wenzangu wote walikuwa wanaikodolea macho saruji mbichi.

"Hatuna," akaitikia mama, peke yake.

Sikuwahi kumwambia kiitikio.

"Endelea," akasema. "Jirani alinionyesha video kwenye simu. Uliimba beti mbili yeye akiwa chini. Na mimi niimbie zote mbili."

Nikaziimba zote mbili. Kila nilipovuta pumzi yeye aliitikia, taratibu, bila kukosea: hatuna, hatuna. Nililia, akanisubiri nimalize kulia, nikaendelea. Wa klabu yangu hakuna hata mmoja aliyenisaidia, na wala siwalaumu.

Nilipomaliza aliingia ndani. Akatoka na kiti mkono mmoja na sahani ya makande mkono wa pili. Akakiweka kiti pale pale, kando ya kaburi, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake.

"Umechoka, mwanangu," akasema. "Kaa ule. Kwetu kiti tunacho."