Chumba cha Juu

Mjomba wangu alikuwa baharia, na kila aliporudi alituletea kitu kisichokuwa na kazi. Safari moja alileta mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV, pamoja na kaseti moja. Watoto wa mtaa wetu pale Temeke walijazana sebuleni wakingoja ngumi na risasi. Kumbe gemu yenyewe haikuwa na adui hata mmoja. Unaingia nyumba kubwa iliyohamwa, nje mvua inanyesha, unatembea chumba hadi chumba, unaokota kiatu, unaokota kikombe, na maneno machache ya Kiingereza yanatokea chini. Watoto walisonya wakaenda zao.

Aliyeipenda ni dada yangu. Mumewe alikuwa amemrudisha nyumbani akiwa mifupa mitupu, na mtaani walishasema amekanyaga miwaya, maana ugonjwa ule watu waliogopa hata kuutaja kwa jina lake. Wa kuja kumjulia hali walikata mguu. Hakuweza kufika uani bila kushikwa, lakini humo kwenye TV alitembea atakavyo. Kiingereza alikuwa anakijua, akawa ananitafsiria: mtu amerudi kwao baada ya miaka mingi, hakuti watu, na kuna chumba cha juu ambacho mlango wake hufunguka mwisho kabisa.

"Nikimjua aliyemo humo, mdogo wangu, hata nikifa nitakufa nimetulia," aliniambia, mama akiwa pale pale sebuleni.

Nikamwambia aache uchuro.

Gemu ilikuwa fupi, ya kumalizika mchana mmoja, ila haikuweza kukumbuka ulipofika. Ukizima, unaanza tena getini. Mgao wa umeme ulimrudisha getini mara nyingi, na hilo tulilizoea. Kilichoniuma ni misiba. Kilio kikisikika mtaani, TV na redio zinazimwa mpaka matanga yaanuliwe, na miaka ile misiba ilipokezana. Kwa mama hilo halikuwa na mjadala.

Siku moja dada alikuwa ameshafika kwenye ngazi za kwenda juu, kilio kikapasuka nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama akaja moja kwa moja kwenye swichi.

"Mama, mie mwenyewe si maiti tu? Niache nimalize."

"Tusipowaheshimu watu, nani atakuja kutuzikia?" Mama akazima.

Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Niliona anayajali maziko ya mwanawe kuliko huo mchana mmoja aliouomba akiwa hai.

Matanga ya jirani hayajaanuliwa, dada akakata kauli. Kesho yake alfajiri akafariki.

Na watu wakaja. Wote waliokuwa hawakanyagi kwetu walijaa, wanaume nje chini ya turubai, wanawake sebuleni kwenye mikeka, wakilia kutushinda sisi wafiwa. Nilitamani kuwatimua mmoja mmoja. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, mama, ambaye alikuwa hajatoa hata chozi, akaniita.

"Washa ile mashine."

Shangazi yetu alishika kichwa. "Wifi, kwenye matanga?"

"Wameshamzika," mama alimjibu. "Mwanangu, washa."

Nilianzia getini. Wanawake walitazama, tasbihi zimesimama mikononi. Njia zote hadi kwenye ngazi nilizijua kwa kumtazama dada akicheza. Nikapanda ngazi, nikapita ukumbi wa juu, mlango ule ukafunguka. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri na dirisha lililo wazi. Maneno yakapita upesi, kisha kioo cha TV kikawa cheusi.

"Nani yumo?" mama aliuliza.

"Hamna mtu, mama."

Aliendelea kukitazama kile kioo.

"Basi afadhali nilizima kabla hajafika," alisema, na kilio alichokuwa amekizuia tangu alfajiri kikamtoka.